Bisibisi Sikioni

Juzi nilikwenda kuchagua leth iliyotumika inayoendeshwa kwa kompyuta, mashine ya kuchongea vyuma katika karakana yangu ndogo. Muuzaji alinionyesha skrini iliyojaa namba. Mimi nikamwomba bisibisi. Niliweka ncha kwenye mashine ikizunguka, mpini sikioni, nikafumba macho nisikilize, na mara nikanusa mafuta mazito na vumbi la Migwani.

Nilipokuwa mtoto, Baba alinipeleka huko kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kukaa nami. Mama tulikuwa tumemzika kabla ya mvua. Fundi mmoja alikuwa akifunga kazi na kuuza leth yake kuukuu, na Baba aliiinamia, bisibisi sikioni, akiisikiliza kwa muda mrefu. Mimi hakuwa akinisikiliza hivyo siku hizo. Nilidhani ndani mna mtu anayemsemesha, nikamwonea wivu mtu huyo.

"Chukua tu, bado ni nzima," fundi alisema.

"Hapana. Inakwaruza huko ndani. Beringi zimeisha, ni vile tu kwa nje haionekani."

Tulipoketi kando ya barabara kungoja gari la kurudi, nilichomoa bisibisi mfukoni mwake, nikaegemeza ncha kwenye kifungo cha shati lake kifuani, nikasikiliza.

"Unasikia nini, mwaitu?" aliuliza, akiniita mama kwa Kikamba chetu.

"Sisikii kitu, Baba."

Alitazama barabara kwanza.

"Beringi zimeisha," akasema.

Nikacheka mpaka nikashika tumbo. Nilicheka peke yangu.