Ukubwa wa Folda ya Sala

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na mtandao wa mji wa Katesh ulitegemea modemu ya simu na hali ya mawingu. Tovuti yangu ya sala za wazee wa Mbulu na Hanang ilikuwa imepewa nafasi yenye kikomo. Ikizidi, seva ingeifunga yote. Rekodi nilizipanga kama watu wenyewe wanavyojipanga: folda ya kata, ndani yake ukoo, ndani ya ukoo boma. Ilibaki sala moja, ndefu kuliko zote, ya mzee wa kijiji cha Masieda ambaye sauti ilikuwa inamwishia. Nilikwisha kumsikilizisha rekodi za wenzake, naye akakubali kurekodiwa kwa sharti kwamba sala isikatwe, kwa kuwa kwao sala ikikatwa katikati, walioombewa huhesabiwa kuwa wameachwa njiani. Nikairekodi nzima.

Ilinipasa basi kujua folda kuu ilikuwa na ukubwa gani. Niliandika skripti fupi ya kuendeshwa kwenye seva: ifungue folda, isome ukubwa wa kila kilichomo, ijumlishe. Kivinjari kikaonyesha jumla ndogo mno. Nilimwita mwalimu mwenzangu, anayefundisha kompyuta, ashuhudie nafasi ilivyo tele.

Alisoma mistari, akacheka. “Mwalimu, umehesabu mazizi! Ng'ombe umewaacha humo humo.”

Ilikuwa kweli. Kila folda ya kata ilihesabiwa kama kitu kimoja chepesi, hata iwe imejaa kiasi gani. Tukarekebisha: skripti ikikuta folda, iingie na kuhesabu, ikikuta nyingine humo, iingie tena, mpaka zimalizike. Jumla ya pili ilikaribia kikomo. Sala ya Masieda isingeenea.

Nilikwenda kumweleza mzee.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Imeingia?”

“Nafasi haitoshi, babu. Labda tuweke nusu.”

“Nusu? Hapana. Yule anayeongea kwenye rekodi kabla ya kila mzee ni nani?”

“Ni mimi. Natoa maelezo.”

“Basi mtoe huyo. Anaongea sana, na hamwombei mtu.”

Nilirudi Katesh, nikafuta maelezo yangu yote, moja baada ya jingine. Niliendesha skripti upya. Nafasi iliyopatikana ilitosha, kwa shida. Sala ilipakiwa nzima, na tovuti haikufungwa.