Ushuhuda wa Maji ya Zambarau

Kuna Jumapili moja ya miaka ile ya sabini ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mambo mengi ya umri ule nimeshayasahau. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sijapata, nikawa nakaa Dunga, kando ya ziwa, kwa Waya Risper. Waya ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi. Huyu wangu hakuwa mnyonge. Alinunua samaki wa ngege mashua zilipofika, akawakaanga na kuwauza mjini Kisumu, na mvuvi aliyejaribu kumpunja alirudi kwake akiwa amejifunza matusi mapya.

Lakini alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hospitalini walimpa vidonge na kumkataza sukari kwenye chai, na hilo la chai lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Tena alikuwa amechomwa na mwiba wa samaki kwenye wayo wa mguu wa kushoto, na kidonda kilikuwa kinakataa kufunga. Muuguzi alimwonya waziwazi kwamba akiacha vidonge, mguu ule utaharibika.

Jumapili hiyo, tukitoka kanisani, tulikuta pikapu nyeupe imesimama karibu na mahali samaki wanapopokelewa, ina kipaza sauti juu. Bwana mmoja wa suti na tai, jina lake Festo, alianzisha wimbo wa kanisani na watu wakauitikia. Kisha akainua chupa ya maji ya rangi ya zambarau. Alisema ni maji ya matunda ya milimani, yanasafisha damu, yanaondoa uchovu, presha, uvimbe na sukari. Mgonjwa wa sukari anywe bila hofu, kwa sababu ndani ya chupa ile hamna sukari ya duka.

Yasikilize vizuri maneno hayo: sukari ya duka. Hapo hakusema uongo. Aliongeza neno moja dogo, na hilo dogo ndilo lililofanya kazi yote. Akasema pia kwamba ukinywa ukajisikia vibaya, usiogope. Huo ni uchafu unatoka. Ongeza kikombe.

Halafu akamsimamisha mama mmoja mnene, mwenye uso mwema, aliyeitwa Mama Peres.

"Bwana asifiwe!" mama akasema.

"Amina!"

"Mimi miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka viatu vimenikataa. Kutembea nilikuwa nashikiliwa. Nikaanza kunywa hii maji, na leo mnaniona!" Akainua gauni kidogo akacheza pale mchangani, na vigelegele vikapigwa.

Hapa lazima nikueleze desturi yetu, maana jambo lote liko hapa. Kanisani kwetu mtu akisimama kutoa ushuhuda, haulizwi. Anasema, mnaitikia amina, anakaa. Kumuuliza ni kama kumwambia Mungu alete uthibitisho. Festo alilijua hilo, ndiyo maana alianza na wimbo. Ufuo wa samaki ukageuka kanisa, na sisi tukakunja mikono kama watu wa ibada.

Mimi sijui nilipata wapi ujasiri. Nikauliza, "Mama, samahani, daktari alikuambia una ugonjwa gani?"

Watu wakageuka kunitazama. Kisha Festo akacheka ndani ya kipaza sauti. "Aa, huyu binti amesoma! Amesoma mpaka amefika darasa la kumsahihisha Mungu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja wa kanisa akanivuta mkono. "Nyamaza, wewe. Hii ni ushuhuda." Mama Peres alikuwa amefungua mdomo anijibu. Kicheko kilipokwisha, alikuwa ameshaufunga.

Waya alinunua. Nilipomsihi asiache vidonge, alinitazama kwa uchovu ambao sikuwahi kuuona kwake. "Nyathina, mwanangu, nimechoka kuwa mgonjwa. Na wewe mwenyewe umemwona akicheza."

Akaweka vidonge kando, akawa anakunywa maji yale asubuhi na jioni, akifurahia utamu alionyimwa kwenye chai. Kiu ikamzidi, mtungi wa maji ukawa hautoshi. Kidonda kikaanza kunuka. Kila nilipotaja hospitali alinijibu, "Uchafu unatoka," akaongeza kikombe, kama alivyoambiwa.

Asubuhi moja nilimkuta ameanguka jikoni, anahema kama mtu aliyekimbizwa, nikimwita hasikii. Majirani walimbeba kwa mkokoteni hadi barabarani tukapata gari. Hospitalini muuguzi alionja tone moja kutoka kwenye chupa niliyobeba, akaiweka chini. "Utamu wa tunda nao ni sukari. Nani alimwambia aache dawa?" Waya waliweza kumwokoa. Mguu hawakuweza. Waliukata chini ya goti.

Nilipanda gari kwenda Pap Onditi siku ya soko, kwa kuwa niliambiwa ile pikapu iko huko. Nilikwenda na hasira ya kumkamata mwongo. Festo alikuwa mbele akipaza sauti. Mama Peres alikuwa nyuma ya gari anakula mahindi ya kuchoma, na mtoto mchanga amelala kwenye leso kando yake. Nikamuuliza swali lilelile. Daktari alikuambia una ugonjwa gani?

"Ugonjwa?" Alishangaa kweli. "Mimi sikuwa mgonjwa, mama. Nilikuwa na mimba. Ya huyu."

"Na miguu ilipona lini?"

"Si nilipojifungua..." Akaacha kutafuna. Akamtazama mtoto, akaitazama miguu yake, akanitazama mimi. "Lakini nilikuwa nakunywa hii maji," akasema polepole.

"Mbona hukusema ulikuwa na mimba?"

"Hakuna mtu ameniuliza."

Mwanangu, nilikaa chini kando yake. Nilikuja kumkamata mwongo na mwongo sikumpata. Miguu ilivimba kweli. Maji aliyanywa kweli. Alipona kweli. Mguu wa shangazi yangu ulikuwa umezikwa kwa sababu ya ushuhuda ambao hauna hata neno moja la uongo ndani yake. Nilimweleza habari za Waya. Mahindi yalimwanguka mkononi, na siku hiyo Festo alimwita mara mbili kwenye kipaza sauti bila yeye kuinuka.

Nilirudi wodini nikamwambia Waya yote. Alipapasa shuka lililolala bapa pale mguu ulipopaswa kuwa.

"Alikuwa na mimba?"

"Ndiyo, Waya."

"Sasa mimi," akasema, "nilikuwa nangoja kuzaa nini?"

Akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio kabla hakijamaliza kutoka. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walidhani amefiwa.

Kwa hiyo chupa zinapokuja kwako, mwanangu, na zitakuja, kwa redio, kwa simu, kwa mdomo wa rafiki unayempenda, usitafute uongo peke yake. Uliza. Aliyepona alikuwa anaugua nini, na nani alimpima? Ni nini kingine kilichobadilika mwilini mwake siku zilezile? Chunguza neno dogo lililobandikwa kwenye ahadi, kama lile la duka. Na ukiambiwa kwamba kuzidiwa ni dalili ya kupona, kimbia, maana mtu huyo ameshapanga kukujibu hata ukifa. Vidonge vya hospitali usiviweke chini mpaka aliyekupa aseme mwenyewe. Watakaokucheka waache wacheke. Imani yako mpe Mungu, na muuza chupa mpe maswali.

Mungu akulinde miguu yako yote miwili, ikupeleke mbali na ikurudishe nyumbani. Akupe ulimi usioona haya kuuliza, na watu watakaokungoja upate jibu.