Kopo Chini ya Mashine ya Baridi

Gari lile la kijivu tulilinunua pamoja na baridi yake. Mwenyewe alikuwa mhandisi wa kigeni aliyemaliza mkataba, na chini ya dashibodi, upande wa abiria, palikuwa pamefungwa sanduku la bati lenye matundu. Siku hizi mnaliita kiyoyozi. Sisi tuliliita mashine ya baridi. Mume wangu, fundi wa winchi bandarini, alijua kila kitu kinachonyanyua na kushusha mizigo, lakini baridi hakuwahi kuitengeneza. Kwao Njombe inakuja yenyewe bila kuitwa.

Nililitaka gari lile kwa sababu ya mama. Alikuwa Mahurunga kwenye mihogo na mikorosho yake, na alikuwa na pumu. Tangu nilipofunga ndoa bomani na mtu wa kanisani, hakuwahi kukanyaga nyumba yetu ya Ufukoni. Kila nikimwita, jibu lilikuwa lile lile: "Vumbi la barabara hiyo litaniua, mwanangu." Ni kweli, kiangazi likipita lori moja tu mama alikohoa mpaka akashika ukuta. Lakini ni kweli pia kwamba hakuwahi kumwita mume wangu mkwe. Alimwita "huyo bwana wako". Na aliwahi kuniuliza kama vyungu vyangu vinapikiwa nguruwe. Nikamwambia havijawahi. Akasema "Haya," kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini hata kidogo.

Basi nilibaki sijui. Ni vumbi, au ni mume wangu? Nilijiambia mashine ile itanijibu. Tukifunga vioo vyote, vumbi litabaki nje, na mama atabakiwa na sababu moja tu.

Kabla hatujaenda kumchukua, mashine ikaanza kuvuja. Nasema kuvuja kwa sababu ndivyo tulivyoona: chini ya gari, kila tuliposimama, palikuwa na kidimbwi cha maji. Na baridi nayo ikawa inapungua siku hadi siku. Mume wangu akalala chali uvunguni, akaona kimpira kinachodondosha maji, akatoka akiwa na uso wa ushindi. "Baridi yetu inamwagika hapa," alisema. Nani angembishia? Rejeta ikivuja maji, injini inachemka. Mashine ya baridi ikivuja maji, bila shaka inapoteza baridi.

Dawa niliitoa mimi, na sijui kwa nini nilijiona mjanja. Kwetu ukikaanga korosho na maganda yake, hutoka mafuta meusi yanayounguza ngozi, na yakikauka hayapitishi tone. Nilikinga mafuta hayo, nikalowanisha pamba, vidole vikanibabuka. Mume wangu akaishindilia ile pamba kwenye kimpira kwa msumari mrefu, akaisukuma mpaka ndani kwenye mdomo wa mashine, kama mtu anayetia kalafati mtumbwi. Kesho yake ikawa ngumu kama lami. Chini ya gari pakauka kabisa. Tulifurahi mpaka tulipofika sokoni, maji yakanimwagikia miguuni, ndani ya gari, viatu vikajaa.

Na baridi ilizidi kupungua.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Tumeziba, na bado inavuja. Inavuja maji, lakini hakuna mahali pa kuyatia. Nilimuuliza mume wangu, "Hivi maji haya yanaingilia wapi?" Akanitazama, akafungua boneti, akaifunga. Kwa mwanamume wa winchi hilo lilikuwa jambo zito.

Fundi wa majokofu ya meli, rafiki yake wa kazini, ndiye aliyekuja Jumapili akala wali wetu wote kisha akatuambia kwamba maji yale ni ya hewani. Hewa ikigusa baridi inatoka jasho, kama mtungi unavyotoka jasho, na kimpira kiliwekwa makusudi ili jasho lipite. Kinachovuja ni gesi, na gesi haionekani. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumeziba kisichovuja na kuacha kinachovuja. Mume wangu alikasirika, sijui alimkasirikia nani.

Tulitafuta gesi inapotokea, tusipaone. Mwishowe, nikiwa nafuta injini kwa kitambaa, niliona vumbi limenata mahali pamoja tu, kwenye kiungo cha bomba jembamba. Kwingine lilifutika, pale liligoma, maana palikuwa na mafuta yanayotoka pamoja na gesi. Mume wangu akapaka povu la sabuni kama anayetafuta pancha ya baiskeli. Povu likatoa kiputo, kikapasuka, kikaja kingine. Akakaza nati kwa spana, viputo vikakoma, na rafiki yake akaja na mtungi mdogo akatujazia gesi. Ile kalafati yangu ndiyo iliyotushinda. Tuliichokonoa wee, haikutoka. Tukaweka kopo jipya la maziwa chini ya mashine, yaishe.

Tukaenda Mahurunga. Mama alilizunguka gari, akapiga bismillahi, akakaa mbele. Mume wangu alimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," akitazama kioo. Vioo tulivifunga. Vumbi jekundu lilituandama njia nzima na mama hakukohoa hata mara moja. Mimi nyuma nilikuwa naomba Mungu. Mama alikuwa anatazama kopo miguuni pake.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Hewani, mama," mume wangu alimjibu.

"Hayajapita kwenye chungu cha mtu?"

"Hayajapita popote, mama."

Tukafika Ufukoni. Aliposhuka alilibeba kopo mwenyewe, akatia udhu barazani, maji ya mtungi wangu asiyaguse, kisha akaingia ndani akaswali. Chakula alikula ndizi alizokuja nazo. Niliumia. Nilipanga kulala nikiwa na jibu, nikalala sina. Amekuja, na hajaja.

Alfajiri niliamshwa na mngurumo wa gari uani. Kitandani nilikuwa peke yangu. Nikajua wamegombana, anamrudisha kwao gizani. Nikatoka mbio, khanga imenining'inia.

Gari lilikuwa limesimama pale pale. Mume wangu alikuwa amekaa kiti cha abiria, vioo wazi ili hewa ya nje iingie, amejikunyata kwa baridi, kopo katikati ya miguu. Petroli yenyewe wakati ule tuliipangia foleni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anamtazama.

"Unafanya nini?" nilimuuliza kwa hasira.

"Sema taratibu," alisema. "Adhana inakaribia, na kopo halijafika hata nusu."

Mama akashuka ngazi, akanipita. "Zima, mkwe," alisema. "Unaunguza petroli bure. Ya mtungini yatanitosha."