Sauti Iliyowaita Watu wa Mbali

"Khotsa, mbona hukukimbia?"

Hilo ndilo swali nililomuuliza khotsa wangu, yaani mjomba Wanzala, mwaka wa tisini na tatu, katika hospitali ya misheni pale Mukumu, nikiwa mtoto wa darasa la pili asiyejua maswali ya kumuuliza mgonjwa na yale ya kuacha. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, uso umevimba hadi jicho moja limepotea, na uji alikuwa akiunyonya kwa mrija. Alinitazama kwa lile jicho lililobaki, akainua kidole, akakishusha. Mama akanishika sikio akanitoa nje.

Kabla ya hapo Wanzala alikuwa mtu wa mdomo. Si mdomo wa matusi, mdomo wa kazi. Mwenye duka mjini Kakamega akipata viatu vipya, anamwita Wanzala. Mkutano wa injili, Wanzala. Sabuni, dawa ya kupe, harambee ya shule, Wanzala. Alikuwa na baiskeli nyeusi yenye kengele mbili, na kipaza sauti cha mkono chenye kitufe chekundu. Ukikibonyeza kinalia king'ora kama gari la polisi. Watoto walikipenda hicho kitufe kuliko peremende.

"Soko la nyumbani hata bubu ataliita," alikuwa akimwambia mkewe, Dinah, jioni akipaka baiskeli mafuta. "Wanakujua, ukikohoa tu wanakuja. Kazi iko kwa soko ambalo halikujui."

Na kwa soko ambalo halikumjua alikuwa na njia yake. Hakutaja anachouza. Alibonyeza king'ora, watu wakashtuka, halafu akasema maneno mawili tu: "Fuata sauti!" Akaanza kutembea, baiskeli mkononi. Kwanza walimfuata watoto. Kisha wasio na kazi. Kisha wale wanaosema wanataka tu kuona huyu mwendawazimu anaenda wapi. Aliwatoa kwa wauza kuku akawapitisha kwa wauza kamba, akawazungusha kwenye mahindi, na kila alipogeuka walikuwa wameongezeka. Ndipo akasimama na kuwaambia kilichomleta.

"Mtu akishatembea nyuma yako, hawezi kuondoka bila kusikia," alimwambia Dinah. "Miguu yake imeshakubali. Kichwa kitakataaje?"

Dinah alicheka. "Siku moja watakufuata mpaka kitandani."

Mwaka huo wa tisini na tatu Mzee Muhanji alimjia. Mzee huyu alikuwa na malisho mapana si mbali na Mukumu, na hapo ndipo fahali walipopiganishwa Jumamosi alfajiri, tangu zamani za baba yake. Lakini watu walikuwa wamepungua. Vijana walipenda kwenda mjini kutazama karate kwenye video. Naibu wa chifu alikuwa ameshasema kwamba uwanja usio na watu si uwanja, na afadhali pajengwe josho la ng'ombe.

"Josho!" Muhanji alitema mate. "Fahali wangu Komesha apelekwe hapo kuoshwa chawa! Wanzala, wewe unaitanga watu wa sabuni. Sasa niitie watu wa fahali."

"Mzee, watu wa fahali si unao?"

"Hao wamezeeka kama mimi. Nataka wale hawajawahi kuona. Wa Navakholo. Wa Matungu huko kwa miwa. Waje mpaka huyo naibu akose pa kuweka mguu."

Wanzala alizunguka mwezi mzima. Alipiga rangi vibao akavigongelea kwenye miti ya njia panda: fahali wawili wameinamishiana pembe, na chini yao, FUATA SAUTI. Huko Navakholo mama mmoja wa mahindi alimfokea, "Wewe! Hapa tunapima mahindi, hatupiganishi ng'ombe!"

"Ndiyo nimekuja kwako, mama. Mahindi yatakungoja, fahali hangoji."

Soko zima likacheka, na Wanzala akajua amelipata.

Matungu ndiko kulikuwa kugumu. Wakata miwa walikaa barazani wameloa jasho na masizi, mapanga yao mapana yameegemea ukuta, na walimsikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Mmoja wao, kijana mwembamba aitwaye Abu, ndiye aliyemjibu baada ya salamu.

"Alhamdulillahi, tumesikia. Lakini tukija tutaona nini? Migongo ya wenyeji?"

"Nani amesema migongo?"

"Mgeni huwekwa nyuma, ndugu yangu. Tunajua."

"Kwangu mgeni anasimama mbele," Wanzala alisema. Kisha akainua kipaza sauti, ingawa Abu alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. "Mgeni mbele! Mmesikia? Wa Matungu mtasimama mbele kabisa!"

Wakapiga makofi. Hapo ndipo jambo lilipoharibikia, na hakuna aliyeliona.

Jumamosi ile ukungu ulikuwa bado haujapanda wakati watu walipoanza kumiminika. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa matrekta ya miwa. Wakata miwa walikuja na mapanga yao, maana wangetoka hapo waingie shambani. Wanzala alisimama juu ya kichuguu pembeni mwa uwanja akawatazama, na moyo wake ukawa kama wa mtu aliyejengewa nyumba usiku akiwa amelala. Nyuma yake, njia ndogo iliteremka hadi nyumbani kwa Muhanji, ambako wanawake na watoto walikuwa wakipika. Wazee hawakutaka mwanamke karibu na fahali kabla ya pambano. Dinah alikuwa huko na tumbo la miezi ya mwisho, akisonga obusuma, ugali wetu. Mama yangu alikuwa huko pia, nami nikimsumbua miguuni.

Ngoma za isukuti zikalia, pembe ikapulizwa. Komesha akaja, amenyweshwa pombe ya busaa mpaka macho yamekuwa mekundu, pembe zimenolewa kwa chupa. Upande wa pili akaja Lori, fahali mweusi wa mtu aitwaye Wangila, ambaye alikuwa akimlisha kwa mkono tangu alipokuwa ndama na kumlalia karibu akiugua.

Sasa, wenyeji wana mpango wao wa kusimama. Hawazungushi uwanja wote. Upande mmoja, ule wa kuelekea shamba la miwa, huachwa wazi kabisa, wala hakuna anayeambiwa. Mtu huzaliwa akiukuta. Hapo ndipo fahali aliyeshindwa hupita. Akigeuka tu, akaiona njia, hukimbia na pambano limekwisha. Bila njia hiyo hakuna kushindwa, kuna kufa tu.

Wageni waliona upande huo hauna mtu. Abu na wenzake wakaujaza.

"Tokeni hapo!" wazee wakapiga kelele. "Nyinyi! Hapo hapasimamwi!"

"Tumeahidiwa mbele!" Abu akajibu. "Muulizeni mwenye sauti!"

Wanzala akainua kipaza sauti. Alitaka kusema, lakini Komesha alikuwa ameshamshukia Lori.

Vichwa viligongana kwa mlio wa gogo linalopasuka. Udongo uliruka. Walisukumana, wakazunguka, wakaachana, wakarudiana, na kila waliporudiana damu ilitoka mahali papya. Pembe ya Komesha iliingia chini ya jicho la Lori ikapanda, na kipande cha ngozi kikaning'inia kama kitambaa kilicholoa. Watu wakapagawa. Hata wageni waliokuja kucheka walikuwa wakilia kwa sauti ambazo hawakuzijua. Lori akapiga magoti. Akainuka. Komesha akamchoma ubavuni, tena, tena, na Lori akageuka kukimbia.

Akageukia njia yake. Njia ilikuwa watu.

Hakusimama. Alimchota Abu kwa paja, akamrusha juu, akamwangukia kwa kwato. Wengine walikanyagwa kabla ya kujua wanamkimbia nani. Mguu wa Abu ulikuwa umefunguka mpaka mfupa unaonekana, mweupe kama muwa uliomenywa, na alipoanza kupiga mayowe wenzake hawakusubiri. Mapanga yakainuka. Walimkata Lori miguu ya nyuma kwanza, kama wakatavyo miwa, chini kabisa karibu na ardhi. Akaketi. Wakaendelea kukata.

"Ng'ombe wangu!" Wangila alikuja mbio mikono mitupu. "Msimuue! Ng'ombe wangu!" Akajilaza juu ya shingo ya Lori, na panga lililokuwa limeshainuka halikuweza kurudi. Lilimwingia kati ya bega na shingo. Hakusema tena. Damu yake na ya Lori zilichanganyika, mtu hangeweza kuzitenganisha.

Basi ikawa vita. Wenyeji walikuwa na fimbo na mawe, wageni mapanga. Mimi nikiwa kule jikoni nilisikia kelele, na wanawake wakasimama wote kwa pamoja, miiko mikononi. Uwanjani mzee mmoja alipasuliwa kichwa, kijana wa Navakholo akavunjwa mkono akiwa amejikunyata chini, na Abu alilala katikati akikanyagwa na wa kwake na wasio wake, damu ikimtoka.

Wanzala bado alikuwa juu ya kichuguu. Njia ya kuteremka ilikuwa wazi nyuma yake. Angeruka tu. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

Akabonyeza kitufe chekundu.

King'ora kikalia, na watu, wakiwa na mawe mikononi, wakageuza shingo. Mwezi mzima walikuwa wamezoea kuzigeuza.

"Fuata sauti!" Wanzala akasema. "Mimi ndiye niliyewaita. Wa Navakholo, mimi. Wa Matungu, mimi ndiye niliyesema mgeni mbele. Muacheni huyo kijana. Njooni huku."

"Ni huyu!" mtu akapiga kelele. "Ni huyu aliyetuleta tufe!"

"Ni huyu aliyetuletea wauaji!" mwenyeji akajibu.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo pande mbili zilikubaliana. Walimjia wote. Uwanja ukafunguka nyuma yao, na Mzee Muhanji pamoja na wengine wawili wakamtupa Abu kwenye mkokoteni, wakakimbia naye kuelekea Mukumu.

Jiwe la kwanza lilimpata Wanzala mdomoni. Meno yakaingia ndani. La pili likavunja taya, na hapo maneno yakaisha. Lakini kidole chake hakikutoka kwenye kitufe. Walimpiga kwa fimbo, kwa mateke, kwa ubapa wa panga, akaanguka kichuguuni akiwa amekumbatia kile chombo kifuani kama mtoto mchanga, nacho kikaendelea kulia, kulia, chini ya miguu yao, mpaka mtu mmoja alipokipondaponda kwa jiwe. Kilipokoma, waliokuwa wakipiga nao wakakoma. Wakatazama mikono yao. Mmoja akatapika. Polisi walipofika walikuta watu wameketi nyasini wametawanyika, kila mmoja peke yake.

Wangila alizikwa wiki iliyofuata. Komesha aliuzwa, na josho likajengwa. Abu alipona, hata leo anachechemea, na kila Idi huja na nyama kwa Dinah, huketi na Wanzala, wala hawazungumzi mengi.

Taya la Wanzala lilipofunguliwa, maneno yalitoka upande mmoja, na herufi nyingine hazikurudi. Hakutangaza sabuni tena. Alianza kutangaza vifo tu, polepole, kijiji kwa kijiji, kwa mdomo mtupu. Nami kila nikienda kwao likizo nilimuuliza tena lile swali. Mara alisema alikuwa amebanwa na kiatu. Mara alisema alitaka kuona mwisho wa mchezo. Nikachoka nikaacha.

Mwaka huu wa tisini na tisa, mimi nikiwa darasa la nane, alikuja mwalimu mmoja kutoka chuo cha Sigalagala, anaitwa Kimutai. Alikuwa na kamera na begi la kompyuta. Akaeleza kwamba sasa kuna mtandao, kwamba ukiandika jambo huko linasomwa Uingereza, Marekani, popote, na kwamba alitaka kuweka huko habari za fahali wa Kakamega ili watalii waje.

"Nimeambiwa hakuna aliyewahi kuita watu kama wewe, mzee," akasema. "Nipe maneno. Tuwaite dunia nzima!"

Macho yalinitoka. Dunia nzima! Wanzala akasugua taya.

"Hao wa mtandao," akauliza, "wewe unawaona wakikuja?"

"Huwezi kuwaona. Wanasoma tu, halafu wanafika."

"Basi kabla ya fahali, waandikie pa kusimama. Waandikie upande usiojazwa, na kwa nini. Hilo liwe la kwanza. Ukilitanguliza, nitakupa maneno mengine yote."

Kimutai alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka, akaandika. Alipoondoka, Wanzala alibaki ametazama vumbi la pikipiki yake. Binti yake, aliyezaliwa siku chache baada ya pambano lile, alikuwa akiteka maji pipani. Sikuwa nimemuuliza kitu.

"Ulitaka kujua kwa nini sikukimbia," akasema, kwa ule upande wake mmoja wa mdomo. "Mpwa wangu, watu wale nilikuwa nimewafundisha kitu kimoja tu: nikienda, wanakuja nyuma. Njia ilikuwa moja, na jikoni mlikuwa ninyi. Nilikuwa nimeshawaita; ningekimbia, ningewaleta kwenu."