Siku Nilipopiga Mwano Kwenye Maiki

Namshukuru Mungu aliyenipa kifua cha kutoa sauti, akanilisha kwa sauti hiyo, na uzeeni akanibakizia ya kutosha kuimba kanisani na kuwasimulia wajukuu jinsi tulivyotafsiri picha za video.

Nilianza kazi Bariadi mjini, kwenye banda la video lililokuwa nyuma ya soko. Mwenye banda tulimwita Mkurugenzi, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Alinisikia kwenye kwaya, nikiimba besi pamoja na wanaume. Mtafsiri wake wa zamani alikuwa hodari, ila kila mwanamke aliyepigana kwenye picha alimpa sauti ya kifaranga, na watazamaji wakacheka mahali pa kuogopa. Siku ya kwanza Mkurugenzi aliniketisha mbele ya televisheni, akanipa maiki.

"Mayu," akasema, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "huyu dada anakwenda kupiga wanaume ukumbi mzima. Mpe sauti ya mtu aliyewahi kubeba gunia la pamba."

Nilikuwa nimeyabeba mengi. Nikampa.

Kazi yenyewe ilitaka utulivu. Asubuhi ulitazama mkanda peke yako, umjue steringi, yaani yule tunayemfuata hadi mwisho, na umjue adui wake. Lugha ya picha sikuijua; nilisoma macho na mikono. Wakizungumza, unapunguza sauti ya deki, ile mashine ya kuchezesha mikanda, unasema wewe. Wakianza kupigana unaipandisha, watu wasikie mbavu zikivunjika. Kiswahili kwanza, kisha Kisukuma kwa waliotoka vijijini.

Nilizipenda picha hizo na bado nazipenda, hasa za wanawake wagumu. Mmoja aliruka na pikipiki kutoka ghorofa hadi ghorofa, akatua, na kitambaa cha kichwani hakikusogea. Mwingine alishinda kikosi kizima kwa upawa. Najua haiwezekani. Lakini akina mama waliotoka palizi walikaa kwenye mabenchi yangu, wakanyoosha migongo, wakaenda nyumbani wakitembea tofauti. Sikuona dhambi ndani yake, na nilikuwa nimeliombea jambo hilo.

Msimu wa pamba ulipofika, Mkurugenzi alinihamishia Kasoli, kijiji nilichozaliwa. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani. Banda letu lilitazamana na mahali pa kupimia pamba, na spika moja ilifungwa nje ili kuvuta wateja.

Mchana mmoja steringi wetu alizingirwa uani na wanaume wenye mapanga. Akafungua kinywa kulia. Nami, bila kufikiri, nikampigia mwano.

Mwano kwetu ni yowe la kuomba msaada. Ukiusikia, unaacha ulichoshika na kukimbilia unakotokea. Wanaume wakaacha pamba juu ya mizani, wakaingia bandani na marungu, mabenchi yakaanguka, wakatukuta tunatazama televisheni.

Anayepiga mwano wa bure hutengwa. Hasalimiwi, hapewi moto wala maji, na akifiwa hakuna anayekuja kuchimba kaburi. Nilimtazama mama yangu jioni hiyo, nikaomba, nikangoja kuitwa.

Kesho yake Mtemi wa sungusungu, mkuu wa ulinzi wa kijiji, alikuja na wazee wenzake. Nilipiga goti nikamsalimu, "Mwangaluka, baba." Akaitikia kwa kifupi, akasema hawezi kuhukumu yowe bila kuona lilipotokea. Akaagiza picha iwekwe.

Nilitafsiri hadi pale uani, kisha nikaweka maiki mapajani. Steringi aliegemea ukuta, mapanga yakamkaribia. Mtemi alisogea ukingoni mwa benchi.

"Majirani zake wako wapi?"

"Ni wale wa madirishani, baba."

"Wanamwona?"

"Wanamwona."

"Na wanafunga madirisha." Akageukia wenzake. "Hiki ni kijiji gani?"

Mzee mmoja alisema hao ndio wa kutengwa. Mwingine, aliyekuwa ameshika rungu lake kwa mikono miwili, alimnyamazisha ili atazame.

Mtemi akatoa hukumu macho yakiwa kwenye televisheni. Kosa lilikuwepo, maana watu waliacha mali yao. Lakini nilimlilia mtu aliyezingirwa, si mzaha. Sitatengwa. Spika itaingizwa ndani, na kabla ya kila picha nitatoka nje kuwaambia watu kwamba watakayoyasikia si ya mwenzao. Wazee wakaanza kusimama.

"Kaeni," Mtemi akasema. "Mayu, shika maiki. Nataka kuona kama anatoka."

Alitoka, kwa kupanda ukuta na kuwaangusha wote. Mtemi alifurahi, ingawa alisema mateke yale yametiwa chumvi.

Mama yangu alifariki kabla msimu haujaisha. Waliochimba kaburi lake ni wale wale walioingia bandani na marungu.

Baadaye nilifanya kazi Nyashimo miaka mingi, na kila mara nilitoka nje kutangaza kwanza, hata pasipokuwa na aliyejua sababu. Simu zilipoanza kuonyesha picha, mabanda yakapungua, nami nikastaafu bila kinyongo. Wajukuu hunionyesha wapiganaji wapya, wakali kuliko wa zamani. Nami hucheka nao. Lakini steringi akizingirwa, mimi bado huangalia madirisha.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mikono ya kujitetea. Na siku mikono itakaposhindwa, akupe watu wa kuacha pamba juu ya mizani na kukukimbilia, hata kama watakuta umekosea. Amina.