Kikohozi cha Getini

Kabla sijaugua nilikuwa mwalimu wa Biolojia wa kuogopwa katika sekondari moja wilayani Hanang. Nilikuwa na shahada, pikipiki, na maoni juu ya kila kitu. Kwa miaka kumi na tisa nilifundisha jinsi hofu inavyoufanya moyo uende mbio na tumbo likaze. Nilidhani ni habari za panya wa maabara.

Nilizaliwa Masieda, Mbulu. Baba yangu alikuwa akikohoa mara moja akifika zizini, kabla ya kuingia nyumbani. Kwa kikohozi hicho tulijua siku yake imekwendaje. Kikiwa kifupi na kikavu, tulijibanza nyuma ya ndama. Mgongo wangu una alama hadi leo. Baadaye chuoni, kila mtihani ulipokaribia niliharisha na nywele zikanyonyoka. Nililaumu maharage ya kantini.

Nilipofika miaka arobaini na saba nikafanywa makamu wa mkuu wa shule, na mwili ukakataa. Kifua kilibana. Viganja vilitoka jasho hadi chaki ikalowa. Nilisahau majina ya wanafunzi, na siku moja nilimchapa msichana kwa sababu kalamu yake ilianguka. Watu niliwaambia nina presha. Presha ni ugonjwa wa heshima. Mwenye presha hupewa kiti.

Nilianguka darasani. Nilikuwa nimechora ubongo ubaoni, nikagusa kwa chaki sehemu inayotunza kumbukumbu, nikasahau jina lake. Wanafunzi walicheka. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, nimejikojolea, na aliyekuwa akinipepea kwa daftari la Biolojia ni yule msichana niliyemchapa.

Hospitalini nilipimwa moyo. Daktari alikuwa binti aliyepangiwa kazi huku kutoka mkoa mwingine.

"Shikamoo, mwalimu. Moyo wako ni mzima."

"Marahaba. Basi nakufa na nini?"

"Na hofu. Ilianza lini?"

"Binti, mimi naogopwa. Siogopi."

Mke wangu, aliyekuwa ameshika koti langu, akacheka kicheko kibaya. "Daktari, muulize habari za Ester."

Ester ni binti yetu wa miaka tisa. Kila jioni tumbo lilimuuma. Tulikuwa tumempima minyoo mara tatu.

"Minyoo gani, Baba Ester?" mke wangu akasema. "Ukikohoa pale getini, mtoto anazima redio. Anakaa kama mtu aliyeitwa ofisini kwako."

Sikuwa najua kwamba nakohoa.

Daktari alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto wa kidato cha kwanza: "Mtoto anayetishwa kila siku, ubongo wake hujifunza kukaa zamu. Akikua, hakuna anayemwambia zamu imekwisha. Mwalimu, wewe uko zamu tangu Masieda."

Nilipewa vidonge, na kila wiki nikaenda kuongea na mshauri kwenye chumba kilichoandikwa mlangoni "Afya ya Akili". Nilikaa kwenye benchi nikiwa nimevuta kofia hadi puani. Mwalimu mwenzangu akanitambua kwa viatu.

"Umemsindikiza nani?"

"Mjomba," nikasema. Mjomba wangu alishazikwa.

Ilichukua miezi. Moyo ulitulia, usingizi ukarudi, majina ya wanafunzi yakarudi moja moja. Namshukuru yule daktari, na mke wangu kwa kicheko chake. Nilimwomba radhi yule msichana mbele ya darasa. Alisema, "Sawa, mwalimu," huku akiiangalia mikono yangu.

Wewe unayesoma haya na kifua kinabana: nenda upimwe moyo. Ukiambiwa ni mzima, usitafute presha ya kuazima. Ingia kwenye chumba kile, na kofia uvue. Na usingoje uanguke kama mimi. Mimi nimepona, lakini sikuugua peke yangu.

Siku hizi nikifika getini naita, "Ester, nimerudi!" Tumbo haliumi kila siku. Ila juzi nilikuwa na mafua, mafua ya kawaida tu, nikakohoa nikiwa jikoni. Ester akainuka, akazima redio, akakaa wima. Nikaenda kuiwasha tena.

"Ni mafua, mama."

"Ndiyo, baba," akasema, na wimbo wote ukaisha hajaegemea kiti.