Siku Tovuti Ilipokataa Kwamba Mimi ni Mtu

Mimi ni mtu wa kukaa kimya. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, moyo unanidunda mpaka mwingine ajibu, ndipo unatulia. Kwa hiyo niliposikia kwamba shule ya wauguzi inaandikisha watu kwa mtihani wa kuingia, sikumwambia mtu, hata mama. Nilitaka nijiandikishe peke yangu, nifanye mtihani, na nikifeli nifeli kimya vilevile.

Uandikishaji ulikuwa unafungwa Jumamosi saa sita mchana. Asubuhi hiyo mama alikwenda soko la Jabe kuuza vitenge, nami nikakaa mlangoni kwetu, mtaa wa Bwiza, na simu yangu, ambayo laini haishiki tena na inaishi kwa wifi tu.

Tovuti ya shule ikaniambia nithibitishe kwamba mimi si roboti. Ikaleta picha, nichague zenye mabomba ya zimamoto. Bomba la zimamoto sijawahi kuliona barabarani kwetu. Nikachagua kila kitu chekundu, nadhani pamoja na sanduku la barua. Ikaleta taa za barabarani, kisha ngazi, kisha madaraja. Nilikuwa makini kuliko kwenye mtihani wa hesabu. Mwisho ikaandika kwamba mtandao wetu una mwenendo usio wa kawaida, nijaribu baadaye. Baadaye ipi, na saa sita inakuja? Nimezoea kutoonekana na watu. Kushukiwa na mashine kulikuwa kupya kwangu, na machozi yalinikaribia.

Nikaenda kwa kaka mwanafunzi, mpangaji wa chumba cha karibu na geti, anayesomea kompyuta chuoni. Boksi ya wifi ni yake, lakini parseli nzima inaitumia, nyumba zote za ndani ya geti letu, na neno la siri limeandikwa kwa mkaa ukutani penye bomba la maji. Ndivyo tunavyoishi. Mmoja akiwasha jiko, wengine wanakuja na vipande vyao vya mkaa kuomba moto. Tangu boksi ije, hakuna hata anayenunua megabaiti.

Aliangalia simu yangu, akacheka kidogo.

“Si we. Ni sisi wote.”

Akanieleza kwamba kwa tovuti ile, parseli yetu yote ina anwani moja ya mtandao, inaonekana kama mtu mmoja asiyelala. Halafu kuna programu ya bure watu wameiweka kwenye simu ili wasionekane mtandaoni. Inakuficha, lakini malipo yake ni kupitisha shughuli za watu wengine kwenye simu yako, watu tusiowajua, wanaokwenda kugonga tovuti za watu kwa jina letu. Niliogopa. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba wageni wanapita getini kwetu usiku na mchana. Alisema dawa ni kuifuta kwenye simu zote, kisha kuzima boksi na kuiwasha, huenda tukapewa anwani mpya.

“Lakini mi siwezi kuzima hivi hivi. Mama wa Uvira anaongea na binti yake. Enda umuombe we mwenyewe.”

Mama wa Uvira, tunayemwita hivyo kwa mji aliotoka, anauza samaki wakavu, na nyumba yake ndiyo ya mwisho uani. Binti yake yuko Kanada, anafanya kazi usiku, na Jumamosi akitoka kazini ndipo wanaonana kwenye simu. Saa hiyo hata wateja wanamsubiri. Nilisimama mlangoni kwake bila kubisha.

“We mutoto, unasimama kama askari. Sema.”

Nikasema naomba mtandao uzimwe kidogo. Akauliza kwa nini. Binti naye alikuwa ananitazama kutoka kwenye kioo cha simu, amevaa koti zito, anasubiri jibu. Nikaona nikinyamaza hapa, nimejifelisha kabla ya mtihani.

“Nataka kuingia shule ya wauguzi. Wanafunga saa sita. Mashine inakatala, inasema mi si mutu.”

Akamgeukia binti yake. “Unasikia? Wanamukatalia mutoto wetu. Kata, nitakuita.” Akakata yeye mwenyewe, mazungumzo yao ya wiki nzima yakabaki katikati. Nikamweleza habari ya programu ile, akanipa simu yake, akasema nitoe hicho kitu. Mimi simu yangu hata mama haishiki. Yake ilijaa picha za wajukuu na ujumbe wa watu, na aliniachia akaenda zake. Nilifuta programu ile tu, macho sikuyapeleka pengine.

Huko nje alishaanza kutangaza. Ni yeye aliyewagawia wengi programu hiyo, akiwaambia inafanya sauti iwe safi, na sasa aliwaamuru waitoe kwa sababu binti wa muuza vitenge anakwenda kuwa muuguzi. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini watu walitoka na simu zao, mmoja ana povu la sabuni mikononi, wakanipa niwafutie. Hakuna aliyenuna.

Boksi ikazimwa, ikawashwa. Safari hii hapakuwa na picha, kijisanduku kimoja tu cha kubonyeza. Nikabonyeza, kikakubali. Nilituma majina yangu yote kabla ya saa sita, na jibu likaja kwamba nimepokelewa kufanya mtihani.

Nilikimbia Jabe nikamwambie mama kabla hajasikia kwingine. Alikuwa amesikia. Simu ya kwanza ya mama wa Uvira baada ya wifi kurudi haikwenda Kanada.

Mama hakugomba. Aliuliza tu kwa nini sikumwambia. Nikasema niliogopa kufeli mbele yake.

“Sasa ulitaka kufeli mbele ya nani?”

Akanirushia ncha ya kitenge alichokuwa anakunja, nikaishika, tukakivuta na kukinyoosha, kisha nikamsogelea mpaka mikono yetu ikakutana.